Mchumba Aliyebaki Mlangoni

Damari Msengi alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwalimu mpya ambaye cheti chake hakijatimiza mwaka, siku mchumba wake alipozikwa nyuma ya zizi la baba yake bila kengele wala wimbo. Hiyo ilikuwa mwaka 1965, katika vilima vya Iramba, mwendo wa nusu siku kwa mguu kutoka Kinampanda.

Nyumbani kwao kijana huyo aliitwa Kitundu. Jina la Gasto alijichagulia mwenyewe kwa ajili ya ubatizo, na mpaka anakufa Damari peke yake ndiye aliyekuwa amezoea kumwita hivyo. Baba yake alikuwa mtu wa matambiko, hakupeleka mtoto hata mmoja kanisani. Gasto alijiandikisha akiwa mtu mzima, akawa anakaa benchi moja na watoto wa miaka kumi, magoti yakimfika kidevuni, akikariri amri pamoja nao. Wazazi wa pande zote mbili walikwisha kukubaliana. Harusi ilingoja ubatizo tu, na ubatizo ulibakiza Jumapili mbili. Homa ya tumbo ikamchukua kwa siku nne.

Mwinjilisti alikuja msibani na kutoa pole. Alipoombwa aongoze mazishi, alitazama chini.

"Aliyekufa kabla ya maji, mimi sina cha kumsomea," alisema. "Tumwachie Mungu."

Damari alisimama nyuma ya wanawake akasikia udongo unavyoanguka. Alitaka mtu amtaje marehemu kwa jina lile alilolichagua, angalau mara moja, lakini waliokuwa wakizika walimwita Kitundu, na yeye kama mchumba ambaye hajaolewa hakuwa na nafasi ya kusema. Akarudi shuleni. Akafundisha hesabu na kuandika kwa miaka mitatu, akakataa posa mbili, na watu wakaacha kumwuliza.

Mwaka 1968 alinunua daftari kubwa lenye jalada gumu akaanza kuandika hadithi. Ilikuwa ya msichana aitwaye Tabita, ambaye akienda kuteka maji humwona kijana ameegemea ukuta wa nyumba iliyoanguka. Jua linawaka, lakini kijana yule hana kivuli. Amekufa kabla ya kubatizwa, kwa hiyo mlango wa mbinguni umefunguliwa mbele yake ila hakuna jina la kumwitia aingie. Amebaki mlangoni, na wafu wa namna hiyo hurudi kukaa kwenye ukuta wa nyumba walimozaliwa. Tabita anampenda. Anajifunza kwamba akifunga siku tatu bila kula wala kunywa, siku ya tatu akamwita kwa jina lake la siri, ataweza kumgusa mkono. Lakini siku atakayomwombea kwa moyo wote, kijana atapokewa, na hatamwona tena. Kwa hiyo kila wanapoachana kijana humwambia, "Usiniombee bado."

Sehemu hiyo Damari aliiandika kwa miezi miwili, karibu kwa furaha. Sura ya mwisho ilimchukua mwaka mzima. Humo Tabita anamwagia ukuta maji ya mtungi wake, anataja jina la kijana kwa sauti, anamwombea, na ukuta unabaki ukuta. Kisha anageuka, anarudi nyumbani, anakuta mama yake amemwekea uji, anaunywa. Damari alipomaliza, alipeleka nakala kwa wachapishaji wa vitabu vya dini. Ilirudi na barua fupi: vijana wanahitaji mafundisho, hawahitaji mizimu. Akaliweka daftari chini ya godoro, akaendelea na kazi.

Lilitoka chini ya godoro mwaka 1973. Wakati huo Damari alikuwa amehamishiwa shule nyingine ya msingi, na msichana mmoja wa darasa la tano, Magdalena, alikuwa akimsaidia kufagia nyumba siku za Jumamosi. Magdalena aliliona, akasoma kurasa mbili akiwa amesimama na ufagio mkononi, akaomba aazimwe. Damari alisita. Halafu akasema, "Ulirudishe wiki ijayo, na usimwonyeshe mtu."

Alilirudisha macho yamevimba kwa kulia. Wiki iliyofuata alikuja msichana mwingine kuomba, kisha wengine wawili pamoja. Kufika mwisho wa mwaka wasichana walikuwa wakinakili hadithi hiyo nyuma ya madaftari yao ya maarifa, kipande kwa kipande, na waliohamia kwa ndugu zao wilaya nyingine waliondoka na nakala. Damari alijua. Akipita kisimani alisikia wakiagana kwa utani, "Usiniombee bado," wakicheka. Kwa miaka minane hakuna mtu aliyemuuliza habari za Gasto. Sasa maneno aliyomwandikia Gasto yalikuwa katika vinywa vya wasichana hamsini, na yeye aliona vyema hivyo.

Mwaka 1974 ikaja amri ya kuhamia vijijini. Watu walioishi wametawanyika vilimani walishushwa bondeni, wakapimiwa viwanja kwa mistari iliyonyooka, kila nyumba ikitazama mgongo wa nyingine. Ili mtu asirudi, tembe za zamani zilibomolewa. Miti ya paa ilichukuliwa, udongo ukaporomoka, zikabaki kuta zimesimama peke yake kila kilima. Walihamia kabla nyumba mpya hazijawa tayari, wakalala katika vibanda vya nyasi, na katika vibanda hivyo ukaingia ugonjwa wa uti wa mgongo. Miongoni mwa waliokufa alikuwemo Chrispin, kijana wa miaka kumi na saba aliyeimba besi katika kwaya.

Katika kwaya hiyo alikuwamo pia Sara, mwanafunzi wa Damari, binti wa miaka kumi na tano. Kama Sara na Chrispin walikwisha kuambiana neno, hakuna aliyejua kwa hakika. Kilichojulikana ni kwamba baada ya msiba Sara aliacha kwaya, na kwamba alimbembeleza Magdalena amnakilie hadithi ya Tabita katika daftari lake mwenyewe.

Mama yake Sara, Yunisi, alikuwa mjane aliyelima uwele na kufuga mbuzi wachache. Yeye naye alikuwa mwanafunzi wa Damari. Mchana mara mbili kwa wiki alikaa mstari wa mbele katika darasa la kisomo cha watu wazima, mikono yake mikubwa ikibana kalamu kana kwamba itatoroka. Alikuwa amefika kwenye silabi. Aliweza kusoma "ba-ba a-na-li-ma", akaishia hapo akishusha pumzi.

Machi 1975, siku ya Jumanne, Damari aliona midomo ya Sara imekauka na kupasuka. Wakati wa uji wa shule msichana alipitisha kikombe chake kwa jirani.

"Sara, unaumwa?"

"Hapana, mwalimu."

"Mbona hunywi?"

"Nimeshiba, mwalimu. Nilikunywa nyumbani."

Jumatano alikuwa amekaa akiegemea ukuta, macho yamemwingia ndani. Damari alipopita karibu na dawati lake alimsikia akisema polepole, kama mtu anayekariri, "Usiniombee bado. Usiniombee bado." Mwalimu aliyatambua maneno yake mwenyewe. Baadaye, kila alipoikumbuka siku hiyo, jambo hili ndilo lililomtafuna kuliko yote: kwamba alifurahi. Alirudi ubaoni moyo ukiwa mwepesi, akijisemea kwamba hakuna kitabu cha mjini kilichowahi kukaririwa hivyo, akaandika kichwa cha somo, na hakumtazama Sara tena mpaka kengele ilipogongwa.

Alasiri hiyo mvua ilinyesha mbali, upande wa juu. Kijijini haikuanguka hata tone. Sara alionekana na wachungaji akipanda kuelekea mahame ya kina Chrispin, kwenye kuta za tembe yao ya zamani ng'ambo ya korongo, akitembea taratibu na kushikashika vichaka. Hakuonekana akirudi. Maji yalishuka kwenye korongo kabla ya jua kuzama, yakiwa yamebeba magogo na majani. Mtu mwenye nguvu zake angesikia ngurumo yake akakimbia. Sara alikuwa siku ya tatu hajala wala kunywa.

Walimpata Ijumaa, chini kabisa, amenaswa kwenye mizizi ya mgunga. Kiunoni, ndani ya kanga, alikuwa amefunga daftari katika mfuko wa nailoni. Kingo za kurasa zilikuwa zimelowa, lakini katikati maandishi yalisomeka.

Kikao kilifanyika darasani Jumatatu ya pili baada ya mazishi. Walikuwepo mwenyekiti wa kijiji, katibu wa TANU, mchungaji, Mwalimu Mkuu na wazazi. Daftari lilikuwa mezani. Mwandiko ulikuwa wa Magdalena, kila mwalimu aliujua. Msichana huyo alisimamishwa mbele, mikono nyuma, na tangu asubuhi maneno yalikuwa yameanza kuzunguka kwamba bibi yake ni mchawi, na kwamba mtoto ametumwa kuwaita wenzake kwa wafu. Katika miezi ile ya vifo vingi, maneno ya namna hiyo hayakuwa mchezo. Wanaume wawili walikuwa wamekwisha kwenda kusimama mlangoni pa huyo bibi.

Kabla ya kuingia, Mwalimu Mkuu alimvuta Damari pembeni. Alikuwa mtu mzima, mpole, aliyebakiza miaka miwili astaafu.

"Daftari halina jina," alimwambia kwa sauti ya chini. "Mwandiko si wako. Mimi sijaona kitu, sijui kitu."

"Na Magdalena?"

"Watamchapa, watamfukuza shule. Ataolewa. Wewe una kazi, Damari."

Damari alimpita. Aliingia, akakaa, akamsikiliza katibu akimwuliza Magdalena ni nani aliyemfundisha mambo hayo. Magdalena hakumtaja mtu. Alikuwa amemtazama mwalimu wake mara moja tu, kisha akainamisha kichwa. Katibu akauliza mara ya pili. Hapo Damari akasimama.

"Ni mimi niliyeandika," alisema. "Yeye alinakili tu. Daftari lenyewe liko nyumbani kwangu."

Watu waligeuka wakamtazama kama wanamwona leo. Mchungaji, kijana aliyekuwa amehamia pale karibuni, alilifungua daftari lililolowa akalifunga tena.

"Mwalimu, wewe ni Mkristo wa ushirika huu. Umeandika kwamba wafu wanangoja mlangoni. Umelitoa wapi fundisho hilo?"

"Sikulitoa popote. Nilimwandikia mtu ambaye kanisa halikumzika."

"Nani?"

Damari alitaka kusema Gasto. Aliona kwamba katika chumba hicho hakuna ambaye jina hilo lingemwambia kitu. "Alikuwa akiitwa Kitundu," alisema, na alipolisikia jina hilo kinywani mwake alijisikia kama naye ameshika jembe siku ile nyuma ya zizi.

Mwalimu Mkuu, akijaribu bado kumwokoa, alisema kwamba katika hadithi hiyo msichana humwacha mfu akarudi nyumbani salama, na kwamba fundisho lake kwa kweli ni jema. Katibu akapindua kurasa mpaka mwisho. Hapakuwa na kurudi nyumbani. Nakala ya Sara iliishia mahali Tabita anapomaliza siku ya tatu, anasimama mbele ya ukuta, anataja jina, na kijana ananyanyuka kumjia.

"Kurasa ziliisha," Magdalena alisema, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza siku hiyo. "Nilimwambia Sara angoje nipate daftari jingine. Akasema hana haja, hapo panatosha."

Uamuzi haukuchukua muda. Nakala zote zikusanywe zichomwe. Damari asimame kufundisha mpaka wilaya itoe neno. Neno hilo lilikuja baada ya miezi miwili, kwa barua yenye mhuri: ameondolewa kazini. Magdalena alirudishwa darasani, na wale wanaume wakaondoka mlangoni pa bibi yake, japo bibi mwenyewe hakutoka nje kwa wiki nzima.

Moto uliwashwa uwanjani saa nne asubuhi, wanafunzi wakiwa kwenye mistari. Damari alileta daftari lenye jalada gumu akalikabidhi. Katibu alikuwa ananyoosha mkono alitupe, Yunisi akatoka kati ya wanawake. Tangu mazishi hakuna aliyemsikia akiongea.

"Hilo msichome," alisema. "Nipeni mimi."

"Mama Sara, utalifanyia nini? Hujui hata kusoma."

"Mtoto ni wangu."

Hakuna aliyekuwa na uso wa kumkatalia. Alilichukua, akaliweka kwapani, akaenda zake.

Ilipita karibu mwezi. Damari alikuwa amerudi kutoka kwenye zamu ya shamba la ujamaa, anaosha miguu, Yunisi akasimama mbele ya nyumba yake na daftari mkononi. Nyumba zao zilikuwa katika mstari mmoja, zimeachana kwa viwanja vitatu.

"Nifundishe nilisome," alisema.

Damari aliutoa mguu majini. "Mama Sara, naweza kukusomea."

"Sitaki unisomee. Nataka niingie alimoingia mwanangu, kwa macho yangu."

Basi wakakaa kwenye mkeka, mbele ya nyumba, mahali kila mpitaji anawaona. Walifanya hivyo kiangazi chote, jioni baada ya kazi jua likiwa bado lipo. Yunisi alisoma kwa kidole, silabi kwa silabi, jasho likimtoka puani. Damari alisahihisha pale tu alipoombwa. Maneno ambayo wakati wa kuyaandika yalimjia kama maji, sasa aliyasikia yakivunjwa vipande na mwanamke huyu, kila kipande kikipimwa. Tabita alipompenda kijana, Yunisi aligeuza ukurasa. Tabita alipoanza kufunga, aliuliza, "Hapa ndipo alipoacha kula?" Damari akaitikia. Siku hiyo hawakuendelea.

Walipofika kwenye jina la siri, Yunisi aliinua macho.

"Chrispin alikuwa na jina gani lingine?"

"Sijui."

"Alimwita nani, basi, kule juu?"

"Sijui, Mama Sara."

Watu waliwasema. Wapo waliodai Yunisi amerogwa, wengine kwamba anatafuta ushahidi ampeleke Damari mahakamani. Balozi wa nyumba kumi alikuja kuuliza kuna nini. Yunisi akamjibu bila kuinua kidole kwenye mstari, "Nasoma. Serikali si imesema tusome?"

Sura ya mwisho waliianza mwezi wa Septemba. Kufikia hapo Yunisi hakuwa akivunja maneno tena, aliyasoma mazima, kwa sauti nzito isiyopanda wala kushuka. Tabita alimwaga maji. Tabita aliomba. Ukuta ukabaki ukuta. "Akarudi nyumbani," Yunisi alisoma, "akakuta mama yake amemwekea uji." Akarudia mstari huo tangu mwanzo.

"Nilimwekea," alisema. "Siku ile. Niliufunika kwa sahani. Ulikaa mpaka Ijumaa."

Damari alilia. Yunisi hakulia, alimngoja tu mwenzake amalize, kama mtu anayengoja mvua ipite.

"Umeandika vizuri," alisema mwishowe. "Ungeandika vibaya asingekwenda. Nimesoma yote nikitafuta mahali pa kusema huyu mwanamke ni mwongo, sikupaona. Lakini sijakusamehe."

"Sikuombi, Mama Sara."

"Nataka ujue tu."

Akafunga daftari, akaenda nalo.

Mwaka uliofuata Yunisi alifaulu mtihani wa kisomo, akawa ndiye anayewasomea majirani barua za watoto wao. Magdalena, aliyekuwa amekwisha kumaliza darasa la saba, aliolewa upande wa Kiomboi. Damari alilima. Hakurudishwa kazini. Meza ya Bwana, ambayo kanisa lilimtenga nayo baada ya kikao kile, alirudishiwa miaka mitatu ilipopita, na hata hapo alikaa benchi la nyuma. Hadithi nyingine hakuandika.

Kisha, mwaka 1978, dereva mmoja alimletea barua kutoka Ikungi. Juu ya bahasha paliandikwa: Mwalimu Damari aliyeandika habari za Tabita. Aliyeandika alijitambulisha kwa jina la Theresia, mwanafunzi, miaka kumi na sita. Alisema kaka yake amefariki, na dada mmoja wa huko amempa nakala ya hadithi, lakini inaishia pale kijana anapoinuka. "Naomba unijulishe Tabita alifanya nini baada ya hapo," aliandika, "kwa sababu nimekwisha kufunga siku moja."

Damari aliisoma akiwa amesimama. Tarehe ya barua ilikuwa ya siku tisa nyuma. Alijaribu kuikumbuka sura ya mwisho, akakuta kichwa chake hakina kitu, kama vile aliichoma mwenyewe. Akavuka viwanja vitatu, akabisha hodi.

Yunisi alikuwa anapepeta uwele. Alipokea barua, akaisoma mwenyewe hadi mwisho bila msaada wa kidole. Kisha akaweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na daftari pamoja na kigoda.

"Kaa," alisema. "Andika haraka, basi la Singida linaondoka Kiomboi kesho asubuhi."

Alisoma, Damari akaandika. Yunisi hakuruka neno, na alipofika kwenye uji alisoma pia. Mwishoni alisema, "Ongeza hapo kwamba mama wa Sara anakuambia ule." Damari akaongeza.

Bahasha ilipelekwa Kiomboi kwa baiskeli, ikakabidhiwa utingo wa basi, na utingo akaapa itafika Ikungi siku hiyohiyo. Miezi ikapita. Kila mgeni aliyefika kutoka upande huo Damari alimuuliza kama anamjua msichana aitwaye Theresia aliyefiwa na kaka yake, na kila mmoja alisema kina Theresia kule ni wengi. Yunisi naye alikuwa akiuliza, wakati mwingine kabla yake. Jibu halikuja.